Magarasa Matano ya Fundi Suleiman

Tulimwacha Chirau amesimama nyuma ya kiti cha shemeji yake, mdomo wazi, neno limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mbele yao, juu ya meza ya kinyozi, zililala karata tano zilizofunuliwa: tano, mbili, sita, tatu, nne. Fundi Suleiman alizibwaga kwa mkono wake mwenyewe, akasema kwa sauti ya mtu anayejizika, "Magarasa! Magarasa matupu!"

Upande wa pili Mwero, askari wa zamani aliyepigana Burma, alikuwa ameweka wafalme watatu. Akacheka. Akanyoosha mkono, akautwaa mkanda wa cherehani, akauzungusha kiganjani mara mbili.

Mkanda ule wa ngozi ndio unaozungusha gurudumu la cherehani ya miguu. Uliwekwa mezani badala ya cherehani yenyewe. Makubaliano yalikuwa mkono mmoja tu wa karata. Suleiman akishinda, baiskeli ya Mwero ni yake, aende nayo Diani kutafuta kazi ya kushona sare za mahoteli. Akishindwa, cherehani ni ya Mwero. Na cherehani hiyo haikuwa hata ya Suleiman! Ilinunuliwa kwa vikuku vya fedha vya mkewe, Mwanasha, dada wa Chirau wa tumbo moja. Ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba.

Sasa lililompandisha Chirau wazimu ni hili: Suleiman hakushindwa. Suleiman alikuwa ameshinda!

Mchezo wenyewe ulikuwa poka, alioutoa Mwero vitani. Katika poka, karata tano zinazofuatana huwa ni ngazi, na ngazi huwapiga wafalme watatu bila mjadala. Chirau aliyajua hayo. Kwa miaka mitatu alikuwa boi wa mezani katika hoteli moja ya Diani, akisimama na sinia nyuma ya wazungu wakicheza poka varandani, naye macho yake hayakufungwa kitambaa.

Lakini Suleiman angelijulia wapi? Tangu utoto wake amecheza wahedi wa sitini, na katika wahedi wa sitini karata za mbili hadi sita hazina pointi hata moja. Ndiyo magarasa hayo. Hutupwa bila kutazamwa mara mbili. Jicho la Suleiman likiona tatu au nne hulala usingizi hapo hapo.

Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Wahenga hawakumwona fundi Suleiman.

Msomaji mmoja wa Kibuyuni ameniandikia kwa hasira hata kalamu imetoboa karatasi. Auliza: "Kwani huyo Chirau ni bubu? Kwa nini hasemi?" Ndugu yangu, tulia. Umesahau sheria ya Rai kinyozi.

Duka ni la Rai, na kila aingiaye kutazama karata huapa mlangoni: mtazamaji hana mdomo. Mtazamaji akisema neno la mchezo, yule aliyesemewa ameshindwa, hata kama alikuwa ameshinda. Na mkono wa karata huwa hai mpaka Rai azikusanye. Akishazikusanya, zimekufa.

Chirau akisema, shemeji yake ameshindwa. Asiposema, shemeji yake ameshindwa vile vile. Haya, ndugu wa Kibuyuni, ungefanyaje wewe?

Chirau alikohoa.

"Una kifua?" Mwero akauliza bila kumtazama. "Kule Burma, mtazamaji akikohoa hutolewa nje akakohoe na mvua."

Mvua kweli ilikuwa ikinyesha, masika yale yasiyotaka kuamkiwa. Ndiyo iliyowafungia dukani tangu asubuhi. Wateja hawakuwapo, mlango ulirudishwa, kioo cha kunyolea kiligeuziwa ukutani asipatikane wa kuchungulia karata za mwenziwe. Rai alikuwa amekaa katikati ya wachezaji, kwani yeye ndiye aliyegawa. Mkononi ana wembe wake, anaunoa juu ya ngozi polepole. Ndiyo desturi yake anapofikiri.

Chirau akamkanyaga shemeji yake kisigino.

"Aa! Shemeji, waniumiza!"

"Niwie radhi."

"Sogea nyuma kidogo, basi. Nimeshapatwa na msiba, wataka kunivunja na mguu?"

Chirau akasogea nyuma. Angemng'oa masikio.

Akajaribu tena. Akajikuna pua, akageuza macho kuelekea mezani. Suleiman akageuka kumtazama, na Chirau akainua nyusi mpaka zikakaribia kofia yake. Zitazame karata zako, mwana wa watu! Zitazame!

Suleiman akatikisa kichwa kwa huzuni. "Najua, shemeji, najua. Dada yako ataniua. Usinitazame hivyo, wanitia uchungu."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Suleiman zilikuwa zimenyolewa asubuhi hiyo hiyo. Rai alimkalisha kitini, akamvua kofia kwa mikono yake, akaenda kuitundika msumarini karibu na mlango, akamnyoa bure, eti zawadi ya mvua. Kisha akamfunga taulo kichwani asipigwe na baridi. Na taulo hilo alikuwa nalo hadi sasa, ameketi kama mwari wa mashaka, akiutazama mkanda wa mkewe ukizunguka mkononi mwa mtu mwingine.

"Haya," akasema Rai, akauweka wembe mezani. "Mchezo umekwisha. Nileteeni karata nizifunge."

Mkono wake ukaenda mezani. Ukazifikia za Mwero kwanza. Mfalme mmoja. Wa pili. Wa tatu. Na zile mbili za kando.

Bado tano. Bado za Suleiman.

Chirau hakuwaza. Dele la kahawa lilikuwa kwenye jiko la makaa pembeni, na tangu asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akiwamiminia, kwa kuwa mikono iliyozoea sinia haitulii. Akanyakua finjani, akaijaza, akaja nayo mezani kama mtu anayekuja kumpa kinyozi heshima yake. Na hapo, boi wa mezani ambaye kwa miaka mitatu Diani hakuwahi kudondosha hata tone, akaimwaga kahawa yote juu ya karata tano za shemeji yake.

"Chirau!" Rai akaruka. "Karata zangu hizo!"

"Niwie radhi, Mzee Rai, niwie radhi sana. Usiziguse, zitararuka. Niachie mimi."

Hilo halikuwa kosa. Kuomba radhi si kusemea mchezo.

Akatoa kitambaa begani. Akaichukua mbili, akaifuta mbele na nyuma, akailaza mezani. Akaichukua tatu, akaifuta, akailaza kando ya mbili. Akaja nne. Akaja tano. Sita akaifuta kwa muda mrefu kuliko zote, akailaza mwishoni, akainyoosha kwa kidole.

Mbili, tatu, nne, tano, sita. Zimesimama mstari mmoja kama watoto wa chuoni.

Akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni, kama anavyosimama akishaandaa meza. Hakusema neno.

Suleiman akazitazama.

Akazitazama tena.

"Masikini," akasema. "Hata kuzifuta umejisumbua bure. Magarasa ni magarasa, shemeji, yawe makavu, yawe majimaji."

Ya Rabbi!

Rai naye akazitazama, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Yeye pia ni mtu wa wahedi wa sitini, ameucheza tangu hajaota ndevu. Aliona takataka tano zilizofutwa vizuri.

Lakini Mwero aliona.

Mkono wake uliokuwa ukizungusha mkanda ukasimama. Kicheko kikamkauka midomoni. Akazitazama zile karata tano, kisha akamgeukia Rai kinyozi kwa macho ya chuki ambayo Chirau hakuyaelewa. Kwani Rai amefanya nini?

"Zikusanye," Mwero akasema haraka. "Wangoja nini, Mzee? Zikusanye!"

"Zikauke kwanza."

"Nimesema zikusanye!"

Na Suleiman, mtu wa watu, mpole asiyetaka ugomvi, akanyoosha mkono wake mwenyewe azikusanye ampe Rai.

Hapo Chirau akapasuka.

"Umeshinda, mjinga wewe! Umeshinda! Ziache!"

Mvua tu juu ya makuti.

Mwero akaegemea kiti chake, na kicheko kikamrudi. "Wote mmesikia. Mtazamaji amesema. Mzee Rai, sheria yako yasemaje?"

Rai akashusha pumzi. "Mtazamaji akisema, aliyesemewa ameshindwa."

"Basi amekwisha shindwa mara mbili," akasema Mwero. "Kwa karata na kwa shemejiye."

Chirau alikuwa amejaribu kukohoa, amejaribu kukanyaga, amemwaga kahawa, halafu ulimi wake mwenyewe ndio uliomponza. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na mdomo ukishafunguka una haja gani ya kufungwa?

"Mzee Rai, nisikilize. Kule Diani niliona kwa macho yangu. Bwana mmoja alizifunua karata zake akasema hana kitu, akasimama aende zake kulala. Aliyecheza naye alikuwa bibi mmoja wa makamo, ameshakusanya ushindi wake wote mbele yake. Yule bibi akamwita, akamwambia, 'Bwana, rudi, umenishinda. Tazama vizuri.' Akamrudishia kila kitu! Na hakuna aliyemshangaa, kwa sababu ndiyo adabu ya mchezo wenyewe. Karata ikishafunuliwa mezani hujisemea. Mwenyewe na awe kipofu, na awe bubu, karata imekwisha sema. Na anayeiona kwanza, hata akiwa mpinzani, ndiye wa kuisema."

Akamgeukia Mwero. "Na wewe umeiona. Nimekuona ukiiona."

"Mimi nimeona magarasa," akasema Mwero. "Si ndivyo alivyosema mwenyewe? Au fundi Suleiman ni mtoto? Mtu mzima kinywa chake ndicho mkataba wake. Mtu akimwambia mkewe 'nimekuacha,' amemwacha. Atarudi kesho aseme alikuwa hakutazama vizuri?"

"Talaka na karata ni kitu kimoja?"

"Neno ni neno! Na kule Burma—"

"Kule Burma mlikuwa mkicheza na wafu?" Chirau akafoka. "Maana ndio pekee wasioweza kuziona karata hizi!"

"Shemeji, shemeji," Suleiman akaingilia kati, mikono juu, taulo linamwangukia jichoni. "Usimvunjie mtu heshima kwa ajili yangu. Bwana Mwero asema kweli. Mimi nilisema magarasa."

"Kwa sababu hujui!"

"Sijui nini? Karata nimezijua kabla yako. Niambie wewe, tangu lini tatu ikampiga mfalme?"

"Si tatu peke yake! Ni zote tano, zinafuatana!"

"Sifuri tano zikifuatana huwa ngapi?"

Chirau akafumba macho. Kumtoa mtu shimoni ni kazi, lakini kumtoa mtu anayekushikilia umwache humo ni adhabu. Mshindi mwenyewe alikuwa wakili wa kushindwa kwake! Na pa kushitakia hapakuwapo. Kwa kadhi utaenda ukaseme nini? Kwamba umedhulumiwa kwenye kamari? Atakufukuza kabla hujavua viatu.

"Yamekwisha," akasema Mwero, akasimama, akaufunga mkanda kwenye kifundo cha mkono. "Mimi naondoka."

Mlango ukagongwa.

Haukugongwa mara moja wala mara mbili. Uligongwa kwa ngumi, bila kupumzika.

"Hodi! Hodi humo ndani! Najua mumo!"

Suleiman akawa mdogo kitini. Sauti hiyo aliijua kuliko sauti yake mwenyewe.

Rai akafungua. Akaingia Mwanasha, buibui imelowa chapachapa, matope hadi vifundoni, mkono mmoja ameuficha ndani ya buibui. Alikuwa amekimbia, pumzi zilikuwa zikimpanda. Akatazama meza, akatazama karata, akamtazama mumewe na taulo lake.

"Shikamoo, Mzee Rai," akasema, kwa kuwa adabu haifi hata mtu akiwa anachemka. "Baba Zaituni, cherehani—"

"Nitakueleza, Mwanasha, nitakueleza!" Suleiman akadakia. "Ilikuwa kwa ajili ya baiskeli. Nilifikiria kazi za Diani, nikasema—"

"Cherehani yangu—"

"Dada!" Chirau akamshika mkono kabla hajamaliza. Wazo lilikuwa limemjia. "Dada, wewe hujaapa kitu mlangoni. Njoo hapa. Zisome hizi."

"Chirau, sikuja kusoma karata! Nimekuja—"

"Zisome tu! Nakuomba kwa haki ya mama yetu. Zisome kwa sauti."

Mwanasha akamkazia macho nduguye kama anayetaka kumpiga kofi. Karata hakuwahi kuzishika maishani. Lakini nambari alizijua. Kila siku alisimama na futi nyuma ya wateja wa mumewe, akisoma mabega na mikono, naye Suleiman akiandika.

"Mbili," akasoma kwa hasira. "Tatu. Nne. Tano. Sita. Kama futi. Haya, nimesoma. Zinafuatana, hakuna iliyoruka. Sasa nisikilizeni—"

"Kama futi!" Suleiman akasimama. Taulo likamwanguka mabegani. Kwa mara ya kwanza tangu karata zifunuliwe, uso wake ulifunguka. "Zinafuatana kama futi! Chirau, na hiyo katika poka ina maana?"

Chirau alitamani kulia. "Ndiyo ninayokuambia tangu mwaka jana, shemeji."

Mwanasha hakujua kwamba tatu ni garasa, kwa hiyo aliona tatu. Mumewe alijua mno.

"Haibadilishi kitu," akasema Mwero. "Mzee Rai amekwisha hukumu."

Rai alikuwa akimtazama Mwanasha, na hasa ule mkono aliouficha ndani ya buibui. Akamsogelea Mwero, akamnong'oneza jambo sikioni. Mwero akakunja uso, akataka kubisha. Rai akamfinya begani.

"Nabadili hukumu," Rai akasema kwa sauti. "Huyu mama hakuapa, na macho yake ni macho ya haki. Karata zilikuwa bado mezani, mimi sijazikusanya. Zimejisemea. Fundi Suleiman ameshinda."

Na Mwero, yule yule wa neno ni neno, akaufungua mkanda mkononi, akautupa mezani. "Chukueni. Baiskeli nitaileta kesho mvua ikikatika."

"Alhamdulillahi!" Suleiman akaruka, akamkumbatia Chirau, akamkumbatia Rai, nusura amkumbatie na Mwero. "Nilijua! Moyoni nilijua!"

"Nendeni nyumbani," akasema Rai, akiwasukumia mlangoni kwa upole. "Mama Zaituni, mchukue mumeo. Furaha hii si ya kukaa nayo kwenye duka la kinyozi. Mambo mengine mtaongea huko."

Chirau alicheka, akaunyakua mkanda. Lakini kicheko hakikumfika tumboni. Mtu aliyesimama kidete kama Mwero haanguki kwa kufinywa bega mara moja. Mbona wameachia kwa urahisi hivi? Rai amemnong'oneza nini?

"Dada, shika," akasema. "Mkanda wako huu."

Mwanasha hakuushika.

"Mkanda wa nini?" akasema. Sauti yake sasa ilikuwa chini, na hiyo ilitisha kuliko ile ya mlangoni. "Naanza neno, mwanikata. Naanza tena, mwanikata. Sasa mtanisikiliza. Mkanda nitaufunga kwenye nini? Cherehani haipo!"

"Haipo vipi?" Suleiman akauliza, tabasamu bado limemganda usoni.

"Imechukuliwa. Wamekuja watu wawili na mkokoteni, wakasema wametumwa na wewe. Wakaipakia, wakaifunika turubai, wakashika njia ya barabara kuu. Nimengoja urudi na habari, hukurudi. Ndipo nikatoka kukutafuta mtaa mzima."

Mwero alikuwa akiyatazama makuti ya paa.

"Mimi sikumtuma mtu," akasema Suleiman. "Wallahi sikumtuma mtu! Na wewe ukawapa? Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi?" Macho ya Mwanasha yakajaa machozi ya hasira. "Mimi ni mtu wa kutoa kitu hivi hivi? Walinionyesha alama yako. Kitu ambacho hakuna mwingine mwenye nacho Msambweni nzima."

Akautoa mkono ndani ya buibui.

Alikuwa ameshika kofia. Kofia nyeupe ya vito, aliyoidarizi yeye mwenyewe miezi minne, kila tundu kwa sindano yake, amvishe mumewe siku ya Idi.

Chirau akageuka kutazama msumari karibu na mlango.

Msumari ulikuwa mtupu.

"Dada," akasema polepole. "Hao watu walikuja saa ngapi?"

"Kabla ya adhana ya adhuhuri. Nilikuwa nachambua mchele."

Kabla ya adhuhuri! Lakini karata ziligawiwa baada ya sala ya adhuhuri, waliyoisali humo humo dukani. Wakati mkokoteni unaondoka na cherehani, hakuna aliyekuwa ameshinda wala kushindwa. Hakuna hata karata moja iliyokuwa imegusa meza. Ila mtu alikwisha kujua mkono utakwendaje.

Chirau akaitazama tena ile ngazi juu ya meza, mbili hadi sita, bado ina unyevu wa kahawa. Katika karata hamsini na mbili, Mwero apate wafalme watatu, na Suleiman apate magarasa matano? Hayo hayaji kwa bahati. Yamepangwa. Yamepangwa na mtu asiyeijua poka vizuri, mtu wa wahedi wa sitini tangu hajaota ndevu, aliyekaa akamchagulia Suleiman takataka zote alizozijua, moja baada ya nyingine, asibakize hata moja ya maana. Na kwa ujinga ule ule wa fundi Suleiman, akamjengea ngazi!

Ndiyo maana ya yale macho ya chuki ya Mwero. Ndiyo maana ya hukumu iliyogeuka ghafla. Mkanda ungegharimu nini, na cherehani imekwisha kwenda?

Na nani aliyemvua Suleiman kofia asubuhi? Nani aliyegawa karata?

"Mzee Rai," Chirau akaanza, "ile kofia uliyoitundika pale—"

Nyuma yake komeo la mlango likaingia mahali pake, ka!

Chirau akageuka. Rai kinyozi alikuwa amesimama mbele ya mlango, mgongo wake umeziba mwanga. Mwero alikuwa amesogea upande wa pili wa meza. Na ule wembe, ambao ulikuwa umelala karibu na karata, haukuwapo tena mezani.

"Chirau, mwanangu," akasema Rai kwa upole, akiupitisha kwenye ngozi, mbele na nyuma. "Si uliapa hapa hapa mlangoni? Mtazamaji hana mdomo."